Jenerali Aliyeshika Kalamu: Waruhiu Itote, Vita vya Vitabu na Kimya cha Isiolo

Utangulizi

Mji wa Isiolo umekaliwa na askari wastaafu tangu ulipokuwa kijiji. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia (1914-1918), serikali ya kikoloni iliwapa makao hapa askari wa Kisomali, wengi wao wa koo za Isaaq na Herti, waliokuwa wameipigania Uingereza. Walipovua sare walishika kazi ya pili, biashara ya mifugo. Leo chuo cha mafunzo ya askari wa miguu cha jeshi la Kenya kiko papa hapa Isiolo. Katika darasa moja la kidato cha tatu mwalimu humkuta mtoto wa sajenti aliyehamishwa kutoka magharibi mwa nchi ameketi dawati moja na mtoto wa mfugaji wa Garba Tulla. Somo lolote la fasihi linalohusu vita, likifundishwa katika darasa kama hilo, haliwi somo la watu wa mbali.

Siku moja tulikuwa tukijadili tofauti kati ya wasifu na tawasifu. Niliwatolea wanafunzi mfano wa Waruhiu Itote, ambaye Wakenya wengi wanamjua kama Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau katika Mlima Kenya ambaye baada ya vita aliandika vitabu viwili kuvihusu. Msichana mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, na vita vya huku kwetu, jenerali wake ni nani? Kitabu chake kiko wapi?" Kengele ililia kabla sijapata la kumwambia. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Hoja ninayonuia kuithibitisha ni moja. Jenerali anayestaafu na kuandika huendeleza vita vyake kwa silaha nyingine, na kinachopiganiwa mara hii ni jina: ataitwa nani, na wenzake wataitwa nani, watakapokuwa hawapo tena kujitetea. Tukikubali hivyo, itatubidi tuuangalie pia upande ambao haukupata jenerali wa kuuandikia. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika historia ya vita, asiyeandika huhesabiwa kuwa hakuwepo.

Koplo, jenerali, mfungwa

Waruhiu Itote alizaliwa mwaka 1922 Mukurweini, Nyeri. Mwaka 1942, akiwa kijana wa miaka 20, alijiunga na Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa Afrika Mashariki. Alipelekwa Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka, kisha Burma kupigana na Wajapani. Alifikia cheo cha koplo. Katika tawasifu yake Burma si mandhari tu. Ndiyo shule yake. Huko anakutana na askari Mwingereza anayemfanya ajiulize atakuwa ameipatia nchi yake nini akifa katika vita visivyo vyake. Akiwa Calcutta anakutana na askari Mmarekani mweusi anayemsimulia jinsi watumwa wa Haiti walivyojikomboa. Mwanafunzi wa fasihi atatambua hapa mbinu ya kumkuza mhusika kwa safari: kijana anaondoka akiwa askari wa mfalme, anarudi akiwa na swali.

Aliporudi Kenya alifanya kazi ya reli, akaingia katika siasa za chama cha KAU, akala kiapo, na mwaka 1952 akaingia msituni. Aliwaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya hadi tarehe 15 Januari 1954, alipojeruhiwa na kukamatwa karibu na Karatina. Afisa wa polisi Ian Henderson, aliyekijua Kikikuyu vyema, alimhoji kwa muda wa saa 68. Februari mwaka huohuo mahakama iliyokaa Nyeri ilimhukumu kunyongwa. Mwezi uliofuata hukumu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, kwa kuwa alikubali kuwaandikia wenzake barua ili kuanzisha mazungumzo ya kusalimisha silaha. Mazungumzo hayo yalivunjika Aprili 1954.

Alipelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, alikofungwa pamoja na Jomo Kenyatta na wenzake. Huko Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Jambo hili ni la kuzingatiwa na kila mwalimu wa lugha. Silaha ambayo Itote angeitumia baadaye katika vita vyake vya pili aliipokea gerezani, kwa njia ya masomo, kutoka kwa mfungwa mwenzake. Aliachiliwa mwaka 1962. Baada ya uhuru aliajiriwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa kama mkurugenzi msaidizi, akafanya kazi huko hadi alipostaafu mwaka 1984. Alifariki mwaka 1993.

Tuangalie neno "jenerali" lenyewe. Katika daftari za serikali ya kikoloni Itote alikuwa koplo. Ujenerali wake aliupata msituni, mahali pasipokuwa na gazeti rasmi la kutangaza vyeo. Jenerali wa jeshi la dola akistaafu, cheo chake hubaki kimeandikwa hata asipofungua kinywa. Jenerali wa msituni akinyamaza, cheo chake hufa pamoja na walioshuhudia. Kwa mtu kama Itote kuandika hakukuwa burudani ya uzeeni. Ilikuwa njia ya kukithibitisha cheo.

Waliotangulia kuandika

Itote alipotoa kitabu chake cha kwanza, "'Mau Mau' General" (1967), uwanja haukuwa mtupu. Waliomsaka walikuwa wameshaandika. Mwaka 1958 Ian Henderson, kwa kushirikiana na Philip Goodhart, alichapisha kitabu kuhusu msako wa Dedan Kimathi. Mwaka 1960 Frank Kitson, aliyekuwa afisa kijana wa upelelezi wa jeshi la Uingereza nchini Kenya, alichapisha "Gangs and Counter-gangs", akieleza jinsi wapiganaji waliokamatwa walivyotumiwa kuwanasa wenzao. Kwa upande wa Waafrika, Josiah Mwangi Kariuki alikuwa amesimulia maisha ya kizuizini katika "Mau Mau Detainee" (1963). Hata hivyo, Kariuki aliandika kama mfungwa wa kambi. Hadithi ya amri za vita, mipango na makabiliano msituni ilikuwa bado imo mikononi mwa wasakaji.

Kitson anafaa kulinganishwa na Itote kwa sababu nyingine pia. Aliendelea kupanda vyeo hadi akawa jenerali kamili, na alipostaafu mwaka 1985 aliingia katika kazi ya pili ya uandishi wa historia ya vita. Aliandika vitabu viwili kuhusu Prince Rupert (1994 na 1998), kisha kimoja kuhusu Oliver Cromwell kama mwanajeshi (2004). Hao ni mahasimu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza vya karne ya 17. Jenerali huyu alipata nafasi ya kukaa kitako na kuwatafakari mahasimu wote wawili kwa utulivu, maana hakuna aliyekuwa akimdai maelezo ya Rupert wala ya Cromwell. Itote hakuwa na nafasi hiyo. Vita alivyoviandika vilikuwa vyake mwenyewe, kidonda kilikuwa kibichi, na waliosoma kitabu chake walikuwemo waliopigana chini yake, waliopigana dhidi yake, na waliomshuku.

Tena, alipoandika, jina lenyewe la Mau Mau lilikuwa bado haramu kisheria. Marufuku iliyowekwa na serikali ya kikoloni mwaka 1950 haikuondolewa hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru na miaka 10 baada ya Itote kufa. Mnara wa Kimathi katika mtaa unaoitwa kwa jina lake jijini Nairobi ulizinduliwa mwaka 2007. Kwa hiyo mwaka 1967 jenerali huyu, akiwa mtumishi wa serikali, alikuwa anaandika sifa za chama ambacho sheria ya nchi ilikuwa bado haijakisafisha. Hicho ni kinaya ambacho mtahiniwa hatakiwi kukipita.

Alama za nukuu katika anwani

Walimu tunawahimiza wanafunzi wachambue anwani kabla ya kufungua kitabu. Anwani ya Itote ina maneno mawili tu, na katikati ya hayo mawili kuna vita vizima. Neno "Mau Mau" limetiwa alama za nukuu, neno "General" halikutiwa. Mwandishi anasema, bila kusema, kwamba hilo la kwanza ni jina walilotuita wengine. Nalitumia kwa sababu ndilo mnalolijua, lakini si mimi niliyelitunga. Cheo, kwa upande wake, ni changu, wala sikiwekei alama ya kuazima. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetumia jina hilo kumaanisha magaidi wasio na mpangilio. Kuliunganisha na neno "jenerali" ni kudai kwamba palikuwa na jeshi, na penye jeshi pana amri, nidhamu na lengo.

Anwani ya kitabu chake cha pili, "Mau Mau in Action" (1979), inaendeleza dai hilo: Mau Mau wakiwa vitani. Kati ya vitabu hivyo viwili kuna miaka 12. Wapiganaji wengine pia walikuwa wameshaanza kuchapisha kumbukumbu zao katika muda huo, miongoni mwao Joram Wamweya (1971). Mlango ambao Itote aliusukuma ulikuwa umefunguka.

Tawasifu ya jenerali isomwe vipi?

Kosa linalofanywa na watahiniwa wengi ni kuichukulia tawasifu kama ushahidi usio na shaka, eti kwa kuwa mwandishi "alikuwepo". Kosa la pili, linalofanywa na wale wanaojiona werevu zaidi, ni kuitupilia mbali yote, eti kwa kuwa mwandishi "anajisifu". Mimi napendekeza maswali matatu ambayo yamelisaidia darasa langu.

Kwanza, anamsimulia nani? Katika kisa cha Itote swali hili lina jibu la pekee, kwa sababu tunayo masimulizi mawili ya mtu mmoja. Mwaka 1954 alisimulia habari zake kwa Henderson, akiwa na jeraha na kitanzi kikimngojea. Mwaka 1967 alisimulia kwa wananchi wa nchi huru, akiwa mtu huru. Mwaka 2015 mwanahistoria Myles Osborne alihariri kitabu kinachoyaweka pamoja maandishi ya Itote na kumbukumbu za mahojiano na kesi yake. Mwalimu anaweza sasa kuwaonyesha wanafunzi kwamba nafsi ya kwanza si kitu kimoja. "Mimi" anayezungumza mbele ya polisi na "mimi" anayezungumza mbele ya wasomaji ni wasimulizi wawili wanaotumia jina moja. Tofauti zao si lazima ziwe uongo. Kila msimulizi huchagua la kusema kwa kumtazama anayemsikiliza.

Pili, anaeleza nini kwa urefu, na anapita wapi kwa haraka? Kila jenerali anayeandika ana siku moja anayoiogopa. Kwa Itote siku hiyo ni ile aliyokubali kuwaandikia wenzake barua. Wapo waliomhesabu msaliti. Wapo walioona kwamba alitaka kuokoa maisha ya watu ambao hawangeweza kuyashinda mabomu ya ndege. Yeye anaitetea hatua ile kama njia ya kutafuta amani. Mtahiniwa hatakiwi kuwa hakimu wa kesi hiyo. Anachotakiwa ni kuonyesha namna lugha inavyobeba mzigo: mahali msimulizi anapotumia "mimi" na mahali anapojificha ndani ya "sisi", mahali anapotaja tarehe na mahali anaposema tu "baadaye".

Tatu, ni nani asiyepewa sauti? Katika masimulizi ya vita ya majenerali wa dunia nzima, mara nyingi waliobeba chakula, wanawake waliopeleka habari, na vijana waliokufa siku ya kwanza hutajwa kwa jumla jumla. Swali hili ndilo lililomfanya mwanafunzi wangu ainue mkono.

Wapo pia majenerali wasioshika kalamu wenyewe. Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo, msuluhishi wa mazungumzo ya Sudan yaliyozaa mkataba wa amani wa Januari 2005, aliandikiwa wasifu, "The Mediator" (2006), na mwanahabari Waithaka Waihenya. Luteni Jenerali Daniel Opande, aliyeongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa Sierra Leone na Liberia, aliandika tawasifu, "In Pursuit of Peace in Africa" (2019). Anwani hizo mbili zinaelekea upande mmoja. Jenerali wa dola anapoandikwa hupenda kukumbukwa kwa amani aliyoleta, kwa sababu hakuna anayekitilia shaka cheo chake cha vita. Jenerali wa msituni hana budi kuanza kwa kuthibitisha kwamba alipigana.

Jenerali wa kubuni

Kuna mambo ambayo tawasifu haiyawezi. Jenerali wa kweli hawezi kuandika kwa urahisi kwamba aliogopa, kwamba alitoa amri ya kijinga, au kwamba alianza kupoteza akili. Hapo ndipo riwaya na tamthilia zinapoingia. Miaka miwili tu baada ya kitabu cha Itote, P. M. Kareithi alichapisha riwaya ya Kiswahili kuhusu vita vya Mau Mau, "Kaburi Bila Msalaba" (1969). Mwaka 1974 Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, mji ulio jirani yetu, alitoa riwaya ya Kiingereza "Carcase for Hounds". Mhusika mkuu wake ni Jenerali Haraka, aliyekuwa chifu kabla ya kukimbilia msituni. Haraka anajeruhiwa, jeraha linaoza, naye analala pangoni akiweweseka huku msaidizi wake Kimamo akiendelea kumtii. Hakuna tawasifu ya jenerali itakayotuonyesha jenerali wa namna hiyo. Mwandishi wa kubuni anaweza kumpenda mhusika wake bila kumlinda.

Upande mwingine kuna "Mzalendo Kimathi", tafsiri ya Kiswahili ya Raphael Kahaso (1978) ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Kimathi wa tamthilia hii yumo kizimbani na gerezani Nyeri. Anajaribiwa kwa ahadi ya uhai, anakataa. Kimathi wa historia alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Hakupata uzee, kwa hiyo hakupata kazi ya pili. Wasanii ndio waliomwandikia. Linganisha basi: Itote aliyeishi ilimbidi ajieleze, na kila maelezo huacha tundu la kuulizwa. Kimathi aliyenyongwa alibaki shujaa kamili kwa kuwa wengine walishika kalamu kwa niaba yake. Mwanafunzi akiweka tawasifu, riwaya na tamthilia hizi pamoja ataona kwamba tanzu tofauti huzaa majenerali tofauti kutokana na vita vilevile.

Mpaka kati ya historia na ubunifu wakati mwingine huvukwa na majenerali wenyewe. Jenerali mstaafu Mwingereza John Hackett, akishirikiana na wenzake, alitoa mwaka 1978 "The Third World War: August 1985". Aliandika kwa mtindo wa mwanahistoria, kwa tarehe na hesabu za vikosi, lakini vita alivyovisimulia vilikuwa havijatokea, na havikutokea. Kitabu hicho kinatufundisha kwamba mtindo wa historia unaweza kuvalishwa jambo lolote. Tarehe nyingi peke yake si ushahidi.

Na katika Kiswahili? Jadi yetu ilimpa kazi hii mtu mwingine. Hemedi bin Abdallah aliitungia utenzi vita vya Wajerumani vya kuitwaa Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alivitungia utenzi vita vya Maji Maji. Baada ya vita vya Kagera vya 1978-1979, Henry Muhanika alitoa utenzi wake mwaka 1981, na mwaka uliotangulia Baldwin Mzirai alikuwa ametoa kwa nathari "Kuzama kwa Idi Amin". Ukiziangalia kazi hizi utaona kwamba mwanahistoria wa vita katika Kiswahili amekuwa zaidi malenga na mwandishi wa habari kuliko amiri wa jeshi. Hilo si upungufu. Linamaanisha kwamba kwa mujibu wa jadi yetu si lazima mtu awe jenerali ndipo apewe ruhusa ya kuandika vita.

Kimya cha Isiolo

Sasa turudi kwa yule msichana. Vita alivyovikusudia ni vile vinavyoitwa vya Shifta, vya 1963 hadi 1967. Isiolo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo ambalo tume ya mwaka 1962 ilikuta wakazi wake wengi wakitaka kujiunga na Somalia. Mwaka 1963 mipaka ya majimbo ilipochorwa upya, Isiolo iliwekwa katika jimbo la Mashariki. Mwezi Juni mwaka huo Daudi Dabasso Wabera, aliyekuwa mkuu wa kwanza Mwafrika wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Desemba 1963 serikali ya Kenya huru ilitangaza hali ya hatari kaskazini mashariki. Mwaka 1966 wafugaji waliamriwa kuhamia katika vijiji vilivyolindwa, na hapa kwetu watu walikusanywa Garba Tulla, Merti na Mado Gashi. Makubaliano kati ya Kenya na Somalia yalifikiwa Arusha Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi.

Mwalimu atauliza: haya yanahusianaje na fasihi? Yanahusiana kwa njia tatu.

Kwanza, jina. Kama "Mau Mau", neno "shifta" ni jina lililotoka nje. Maana yake ni jambazi. Lakini hakutokea jenerali wa upande ule aliyechapisha kitabu cha kuligeuza, kama Itote alivyoligeuza lile lingine kwa alama mbili ndogo za nukuu. Neno limebaki limesimama uchi. Mtoto wa Isiolo hulikuta katika kitabu cha historia na kuliandika katika mtihani, bila kufahamu kwamba analiandika juu ya babu yake ambaye huenda hakuwahi kushika bunduki.

Pili, sheria. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali na askari wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika maeneo ya kaskazini mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu wakati wa vita hivyo. Sheria inayofunga mlango wa mahakama hufunga pia midomo. Shahidi huhifadhi maneno yake kwa uangalifu anapojua kuna mahali patakapoyahitaji; pasipokuwepo, huyaacha yapotee. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilikusanya baadhi ya ushuhuda huo, lakini ripoti ya tume si kitabu ambacho mtu hukibeba kwenye matatu akakisoma akielekea nyumbani.

Tatu, kumbukumbu ipo, ila imehifadhiwa katika utanzu mwingine. Waborana wa Isiolo wanauita wakati ule Gaafa Daba, yaani wakati wa kusimamishwa, wakati ambapo kila kitu kilikoma. Huo ni ufupisho ambao malenga yeyote angeuonea wivu: wafugaji, watu ambao maisha yao ni kuhama, wanakumbuka vita kwa tendo la kusimama. Makadirio yanayonukuliwa na watafiti yanaonyesha kwamba ngamia wa wilaya hii walipungua kutoka takriban 200,000 mwaka 1963 hadi 6,000 hivi mwaka 1970. Mzee wa Isiolo hasimulii vita kwa majina ya majenerali. Husimulia kwa idadi ya ngamia, rangi zao, na kisima walichofia. Hiyo nayo ni historia ya vita, iliyosimuliwa na aliyebaki bila kitu.

Mgeni akienda Nairobi ataukuta Mtaa wa Kimathi na Mtaa wa Wabera katikati ya jiji, hatua chache mmoja kutoka kwa mwingine. Mtahiniwa yeyote ataweza kukueleza Kimathi alikuwa nani. Muulize Wabera alikuwa nani. Tofauti kati ya majina hayo mawili katika vichwa vya wanafunzi wetu haikuletwa na mawe wala vibao. Imeletwa na tawasifu, riwaya na tamthilia.

Hitimisho

Nilirudi kwa yule mwanafunzi na jibu la sehemu tu. Nilimwambia kwamba vita vya huku havikumpata jenerali aliyestaafu akakaa mezani, na kwamba Itote mwenyewe asingeandika kama asingefundishwa lugha ya kuandikia katika jangwa la Lokitaung. Nikamwambia pia kwamba kwa jadi ya Kiswahili anayeandika vita haulizwi cheo. Likizo iliyofuata nililipa darasa zima kazi ya fasihi simulizi: kila mmoja amhoji mzee mmoja aliyekuwepo wakati wa vijiji, aandike jina la mahali, mwaka, na maneno ya mzee kama yalivyotamkwa. Mtoto wa sajenti naye aliruhusiwa kumhoji askari mstaafu, kwa kuwa askari wa kawaida aliyeletwa huku akiwa na miaka 20 naye hakuandika kitabu.

Madaftari yaliporudi, yale ya pande zote mbili niliyaweka kabati moja. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1966 alizaliwa mwaka 1956. Mwalimu mwenzangu, piga hesabu ya umri wake leo, kisha uamue kama kazi hii inaweza kungoja muhula ujao.

Maswali ya kujadili

1. "Mwandishi wa tawasifu ni wakili wa nafsi yake." Jadili kauli hii ukirejelea maisha na maandishi ya Waruhiu Itote.

2. Linganisha jinsi tawasifu, riwaya na tamthilia zinavyoweza kumsawiri kiongozi wa vita. Ni utanzu upi unaoruhusu udhaifu wa shujaa kuonekana zaidi, na kwa nini?

3. Fafanua umuhimu wa hadhira katika masimulizi ya nafsi ya kwanza. Tumia mfano wa mtu anayesimulia tukio moja mbele ya wasikilizaji wawili tofauti.

4. Majina "Mau Mau" na "shifta" yalitolewa na watu wa nje ya makundi yaliyoitwa hivyo. Eleza jinsi fasihi inavyoweza kubadilisha maana ya jina.

5. Mhoji mzee mmoja katika eneo lako kuhusu tukio la vita au mgogoro. Andika masimulizi yake kwa kurasa mbili, kisha ueleze umehifadhi nini na umepoteza nini ulipoyahamisha kutoka mdomoni hadi karatasini.